Kizuri Chajiuza: Njia za Kutangaza Biashara Ndogo Bila Kuingia Deni

(Haya ni maneno tuliyowaambia wanachama wa vikundi vya kujisaidia vya mitaa ya Eastlands, Nairobi, walipokutana katika ukumbi wa parokia. Tumeyaandika hapa ili vikundi vya vijijini navyo vifaidike. Someni pamoja kikundini, halafu mjibu maswali yaliyo mwishoni.)



Wapendwa akina mama na akina baba, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango, sogeeni tukaribiane. Leo hatukuja na mtaalamu kutoka mjini. Tumekuja na maneno ya kawaida, na tumekuja pia na kosa letu wenyewe. Tutalisema waziwazi, kwa sababu lilikula pesa za watu.

Swali mnalotuletea ofisini ni moja. Mama wa chapati analiuliza, fundi wa viatu analiuliza, vijana wa kuosha magari wanaliuliza: "Tutapataje wateja, na pesa ya matangazo hatuna?"

Hapa Nairobi tuna msemo, biashara ni matangazo. Makanga wanausema. Wauza mitumba wa Gikomba wanausema wakiwa wamesimama juu ya meza, wanapiga kelele mpaka sauti inakauka. Lakini wazee walitangulia kutuambia: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa tushike lipi?

Jibu letu ni kwamba yote mawili ni kweli, ila yana mpangilio. Kwanza kitu kiwe kizuri, halafu kitangazwe. Ukigeuza mpangilio huo, tangazo lako litawaita watu waje kuona aibu yako.

KOSA LETU

Kulikuwa na kikundi cha akina mama 12 huko Kayole. Jina lao tunaliweka moyoni. Walikuwa wanatengeneza sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kwa mwezi waliuza chupa 200 hivi. Kila chupa waliuza shilingi 80, na kuitengeneza iliwagharimu shilingi 60. Faida ni shilingi 20 kwa chupa. Ilikuwa biashara ndogo, lakini ilikuwa inatembea.

Siku moja walikuja ofisini wakasema wanataka kukua. Sisi tulifurahi sana. Tukawaambia, jitangazeni! Tukawasaidia hata kuandika ombi la mkopo kwenye mfuko wa chama. Wakapewa shilingi 30,000. Wakanunua tisheti 12 zenye jina la kikundi, wakatengenezesha bango kubwa la plastiki, na wakakodi gari la spika likazunguka mtaani siku mbili na muziki.

Wiki ya kwanza sabuni iliisha. Watu waligonga mlango mpaka usiku. Lakini pesa yote ilikuwa imeenda kwa tangazo, na ya kununua dawa za kutengeneza sabuni nyingine haikutosha. Basi wakaongeza maji. Sabuni ikawa nyepesi, povu hakuna, mafuta hayatoki kwenye sufuria. Wateja wapya waliosikia spika walinunua mara moja, hawakurudi. Wale wa zamani nao wakaondoka. Gari lile la spika lilifanya kazi yake vizuri kabisa. Liliwaita watu wengi kwa wakati mmoja waje wajue kwamba sabuni imeharibika.

Deni halikungoja. Kila mama alilipa shilingi 2,500. Mmoja wao alizitoa kwenye karo ya binti yake, na yule msichana akakaa nyumbani wiki tatu. Mama huyo alikuja ofisini. Hakugombana na mtu. Aliuliza tu: "Mlituambia tujitangaze. Kwani hamkupiga hesabu?"

Hatukuwa tumepiga. Haya, tuipige leo.

HESABU KABLA YA TANGAZO

Ukitumia shilingi 30,000 kujitangaza, na faida ya chupa moja ni shilingi 20, gawanya. Unapata 1,500. Maana yake kikundi kilihitaji kuuza chupa 1,500 zaidi ya zile za kawaida, ndipo pesa ya tangazo irudi. Na wao walikuwa wanauza 200 kwa mwezi! Chupa 1,500 ni mauzo ya miezi saba na nusu. Hesabu hii ingefanywa kwa kijiti mchangani, ikachukua dakika moja.

Kwa hiyo kabla hujatoa senti ya tangazo, jiulize mambo matatu. Faida yangu kwa kitu kimoja ni ngapi? Niuze vitu vingapi zaidi ili pesa hii irudi? Na watu wakija wote kwa pamoja, nina mali ya kuwapa? Ukikosa jibu la swali moja, funga mkoba. Wala usikope kwa ajili ya tangazo. Anza na njia ambazo gharama yake ni jasho na akili.

Njia hizo ndizo hizi.

1. REKEBISHA KITU CHENYEWE

Hapa Eastlands tuna mfano wetu mzuri, jiko la makaa lenye udongo ndani. Lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mfano wake wa asili ulitoka Thailand, ukabadilishwa ufae jikoni mwa Mkenya, na mafundi wa jua kali, wakiwemo wa hapa Shauri Moyo, wakajifunza kulitengeneza. Mwanzoni bei yake ilikuwa juu, na kulikuwa na majiko ambayo udongo wake ulipasuka. Watu wakanung'unika. Mafundi walipozidi kupata ujuzi, na walipokuwa wengi, bei ikashuka na jiko likaenea nchi nzima na kuvuka mipaka.

Ukiliona jiko hilo kwa jirani, unalijua kwa umbo lake, limebanwa kiunoni. Na jirani atakuambia makaa yanakaa zaidi. Jirani huyo hakulipwa na mtu. Ametangaza kwa sababu jiko limemsaidia kupunguza pesa ya makaa.

Kwa hiyo anza hapo. Muulize mteja aliyenunua jana: kulikuwa na kasoro gani? Asikudanganye kwa kuona haya. Mwambie, "Dada, niambie ukweli, nisipouambiwa na wewe nitauambiwa na hasara." Na tuangalie vipimo vyetu. Wote mnajua gorogoro iliyogongwa chini ili ibebe maharagwe machache. Anayenunua maharagwe anarudi nyumbani, anapima kwa gorogoro yake, anajua. Kitabu cha Mithali kinatuonya juu ya mizani ya uongo, na hata asiyesoma Biblia anaonywa na wateja kuhama.

2. WAJUE WAPITA NJIA

Wengi wetu tunafungua biashara kwa saa zetu sisi, si kwa saa za mteja. Fanyeni hivi. Chukueni mkebe na punje za mahindi. Mtu mmoja wa kikundi akae kando ya njia siku mbili. Kila anayepita, tia punje. Badilisha mkebe asubuhi, mchana na jioni. Halafu hesabuni.

Sisi tulifanya hivyo na kijana mmoja wa mandazi karibu na Jogoo Road. Alikuwa anafungua saa mbili asubuhi. Punje zilionyesha kwamba kundi kubwa linapita kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Hao ni watu wanaokwenda Industrial Area kwa miguu, na wengi hawajanywa chai. Alipoanza kuwasha jiko saa kumi alfajiri, hakuandika bango lolote. Harufu ya mandazi ilitosha.

Nyinyi wa vijijini, wapita njia wenu wako siku ya soko, siku ya kulipwa maziwa au majani chai, na wakati watoto wanatoka shule. Hesabuni huko.

3. UZA KWA KIPIMO CHA MFUKO WA MTEJA

Hapa mtaani mtu analipwa kwa siku. Hawezi kununua lita ya mafuta, lakini anaweza mafuta ya kupima. Hii tunaita kadogo. Mama mboga wa Eastlands amejua siri hii zamani. Anakukatia sukuma wiki hapo hapo, anakuwekea nyanya mbili na kitunguu kimoja, unakwenda nyumbani kupika tu. Ile kazi ya kukata haimgharimu pesa, inamgharimu mkono. Lakini mama anayetoka kazini saa moja usiku, amechoka, watoto wana njaa, atapita vibanda vitatu aje kwa yule anayekata.

Basi jiulize: ni taabu gani ndogo ninayoweza kumwondolea mteja? Fundi cherehani aweke kifungo kilichodondoka bila malipo. Muuza githeri achemshe maharagwe kabisa. Mwenye bucha afunge nyama ya shilingi 50 bila kumkunjia mtu uso. Maana anayenunua nyama ya 50 leo, siku akipata mgeni atakuja kununua kilo. Atakumbuka uso wako.

4. KIBAO KINACHOSOMEKA

Kibao kizuri kinasema mambo manne: unauza nini, bei ni ngapi, unafungua saa ngapi, na nambari ya simu au ya till. Basi. Jina la biashara liwe dogo, kitu unachouza kiwe kikubwa. Angalieni vibanda vya kinyozi hapa mtaani. Picha ya kichwa kilichonyolewa imechorwa ukutani, na hata asiyejua kusoma anaelewa.

Ubao wa mbao kuukuu na rangi iliyobaki vinatosha. Kijana anayejua kuchora yuko katika kila mtaa. Mpeni kazi hiyo, naye apate cha jioni. Ukishaandika, simama hatua 30 nyuma. Kama husomi vizuri, mteja aliye kwenye matatu hasomi kabisa.

Lakini tahadhari. Kaunti ya Nairobi ina sheria ya mwaka 2018 inayosimamia mabango na matangazo ya nje, na leseni inatakiwa. Ulizeni kwanza ofisi ya kaunti kabla ya kusimamisha bango, na mpewe risiti kwa kila malipo. Na kubandika makaratasi kwenye nguzo za umeme na kuta za watu bila ruhusa, hapana. Mtalipa faini kubwa kuliko faida.

5. ONJESHA, HALAFU ONGEZA

Mteja wetu hapendi maneno matupu. Anapenda kuonja. Kata chapati moja vipande nane, uwape watu wanane. Umepoteza chapati moja, umepata midomo minane.

Na kuna jambo la kadi. Kata karatasi ngumu, chora miraba kumi, na kila mteja akinunua chapati unatia sahihi. Akijaza kumi, ya kumi na moja ni bure. Wengi wanaogopa, wanasema ni afadhali kupunguza bei. Tupige hesabu tena. Tuseme chapati unauza shilingi 20, na inakugharimu 13.

Ukitumia kadi, chapati 11 zinaleta shilingi 200. Gharama ya 11 ni 143. Unabaki na 57.

Ukipunguza bei iwe 18, chapati 11 zinaleta 198. Gharama ni ile ile 143. Unabaki na 55.

Mnaona? Faida inakaribiana. Lakini mwenye kadi amekuja kwako mara kumi na moja, na miguu yake imezoea njia. Na bei yako bado ni 20. Aliyeshusha bei, siku unga ukipanda na akataka kurudisha 20, atagombana na mtaa mzima.

Ila ukiahidi, timiza. Kadi ikijaa usianze kusema ati imeisha muda. Sheria ya Kenya ya kumlinda mtumiaji, ya mwaka 2012, inakataza kumdanganya mteja. Kwa sababu hiyo hiyo, usiandike kwamba mafuta yako ya mwarobaini yanaponya kila ugonjwa. Na wale wanaofunga sabuni, asali au unga kwa kuuzia maduka, usibandike alama ya ubora ya KEBS kama hukuipewa. Shirika hilo lina utaratibu wa kusajili bidhaa za biashara ndogo. Nendeni mkaulize, mkienda wawili wawili hamtaogopa.

6. JINA WANALOKUITA WATU

Nyinyi wa Outering Road mnajua pale Taj Mall. Jengo lile lilibadilishwa jina, likaitwa Airgate Centre. Makanga hawakujali, abiria hawakujali. Waliendelea kuita Taj Mall. Mwaka 2018 jengo lenyewe likabomolewa, na hata baada ya kubomolewa watu waliendelea kusema "nishushe Taj Mall." Mwenye jengo anaweza kulipia jina lolote, lakini linaloshika ni lile lililo mdomoni mwa watu.

Kwa hiyo kama mtaa unakuita Mama Chapo, andika Mama Chapo. Usiandike jina refu la Kizungu ambalo hata wewe ukiulizwa unasitasita. Na jitahidi kibanda chako kiwe alama ya njia. Mtu akimwelekeza mgeni aseme, "ukifika kwa yule fundi mwenye mwavuli wa kijani, kata kushoto." Mwavuli huo, au mlango uliopakwa rangi moja kila mwaka, au mti ulioupanda mbele, ni tangazo la bure mchana kutwa.

7. SIMU YAKO NI DUKA LA PILI

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu imekuwa mkoba wa watu. Wengi wenu sasa mna simu zenye WhatsApp. Mnaitumia kutumiana video za kuchekesha, na si vibaya, lakini itumieni kazini pia. Piga picha ya bidhaa yako mchana, nje, kwenye mwanga, juu ya kitambaa safi. Weka picha hiyo kwenye stetasi yako asubuhi, pamoja na bei. Inakaa saa 24 halafu inapotea yenyewe. Kwa hiyo weka kila siku, lakini moja au mbili tu, usiwachoshe watu. Kuna pia WhatsApp Business, ambayo ni bure, na unaweza kupanga bidhaa zako humo kama kwenye rafu.

Hapa pia kuna tahadhari. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Nambari ya simu ya mtu ni mali yake. Usizichukue kwenye daftari la mazishi, au kwenye ujumbe wa malipo, ukaanza kuwatumia watu matangazo bila idhini yao. Muulize mteja: "Nikutumie ujumbe tukiwa na bidhaa mpya?" Akikubali, andika. Akikataa, msalimie na umwache. Akikubali leo na kesho akasema hataki, mfute. Hiyo ni sheria, na ni adabu pia.

Mteja akilalamika kwenye simu, usijibu kwa hasira. Biashara haigombi. Mwambie, "Pole mama, lete hiyo chupa nikubadilishie." Watu wengine wanasoma, na jinsi unavyomjibu huyo mmoja ndivyo wanavyojua utakavyowatendea wao.

8. KANISANI NA KWENYE JUMUIYA

Tulijua mtauliza: je, tunaweza kutangaza biashara baada ya Misa? Tunakumbuka Bwana wetu alivyozipindua meza hekaluni, na Paroko naye anakumbuka! Utaratibu ambao tumeona unafaa ni huu. Kikundi kinaweza kutangazwa mara moja kinapoanza, kwa idhini ya Paroko na baraza la parokia. Mauzo yafanyike nje, uwanjani, baada ya ibada. Na katika jumuiya ndogo ndogo, msimfanye mtu aone kwamba asiponunua sabuni yenu si Mkristo mwema. Jumuiya ni ya sala na kusaidiana. Ikigeuka soko, mtakosa jumuiya na mtakosa soko.

Tena kuna jambo la kukopesha. Wengine wanavutia wateja kwa kuwapa mali kwa deni, hasa majirani na wanajumuiya. Waswahili walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Anayedaiwa shilingi 200 anaanza kupita njia nyingine asikuone. Umepoteza 200, na umempoteza mteja, na Jumapili hamtazamani. Kama ni lazima kumsaidia jirani mwenye shida, msaidie kama jirani, kwa kiasi unachoweza kukipoteza bila kinyongo. Usikiandike kuwa ni mbinu ya biashara.

KIKUNDI CHA SABUNI KILIISHIA WAPI

Mtataka kujua. Baada ya yule mama kutuuliza swali lile, tuliketi nao. Kwanza tuliomba msamaha, kwa sababu ushauri mbaya ulitoka kwetu. Wanane kati yao waliamua kuendelea. Wawili walihama mtaa. Wawili walikataa katakata, na hatuwezi kuwalaumu.

Wale wanane hawakutafuta wateja wapya. Waliandika majina ya nyumba walizokumbuka kuwa ziliuziwa sabuni nyepesi. Zilikuwa 43. Wakatengeneza sabuni kwa kipimo kile cha zamani, wakaenda nyumba kwa nyumba, wakasema: "Tulikuuzia sabuni mbaya. Hii hapa badala yake, hatutaki pesa." Chupa 43 kwa gharama ya shilingi 60 ni shilingi 2,580. Ilikuwa pesa ngumu kwao, walichanga. Nyumba nyingine ziliwafungia mlango. Mzee mmoja aliwaambia hajawahi kuona muuzaji akirudi kukiri kosa, akawaita majirani zake waje wawaone.

Linganisheni wenyewe: shilingi 30,000 za spika, na shilingi 2,580 za ukweli. Miezi mitano baadaye walikuwa wamerudi kwenye chupa 200 kwa mwezi, na polepole wakapita hapo. Bango la plastiki sasa wanalifunika nalo malighafi wakati wa mvua. Yule msichana alirudi shuleni. Wiki zile tatu hatukuweza kumrudishia, na ndiyo sababu tumewaeleza habari hii leo badala ya kuificha.

Basi ndugu zetu, hatusemi msijitangaze. Tunasema mtangaze kitu kilicho tayari, kwa pesa mliyo nayo, kwa watu mnaoweza kuwahudumia kesho yake. Mkija ofisini na mpango wenu wa matangazo, mtatukuta na karatasi na kalamu. Safari hii tutaanza na hesabu.

Mungu awabariki, na abariki kazi za mikono yenu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Faida yetu kwa kitu kimoja tunachouza ni shilingi ngapi? Kila mwanachama aandike jibu lake kwanza, halafu tulinganishe.

2. Ni malalamiko gani ya wateja tumeyasikia na tukayanyamazia?

3. Wapita njia wetu ni akina nani, na wanapita saa ngapi? Nani atakaa na mkebe wa punje, siku gani?

4. Tukiamua kutumia shilingi 500 tu kujitangaza mwezi ujao, tutazitumiaje, na tutajuaje kama zimerudi?

5. Kuna mtu tuliyemuuzia kitu kibaya? Tutamwendea lini?